Jina moja kwa Kiswahili, Kijerumani, Kiarabu na Kiingereza: tulipimeje kabla ya kuliandikisha?

Mlezi_Mtarajiwa

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kupima majina. Orodha tunayo, na ndiyo inayotuumiza kichwa.

Mtoto atakulia kwenye Kiswahili upande mmoja na Kijerumani upande wa pili. Kuna bibi na babu wanaozungumza Kiarabu. Kiingereza hakialikwi, kitakuja chenyewe na shule. Jinsia bado haijulikani. Tunatafuta jina ambalo wote hawa watalitamka bila kufundishwa, lisilozua kicheko katika lugha yoyote kati ya hizo nne, na lisilogeuka kila likipita kwenye dirisha la ofisi.

Yaliyobaki mezani: Jana, Zuri, Neema, Malaika, Lina, Samia, Pendo, Amani, Leo, Nuru.

Naomba mambo matatu. Kwanza, kila jina hapo lina kasoro gani ambayo mwenye lugha moja haioni? Pili, tahajia ibaki moja kila mahali, au kila lugha iandike inavyosikia? Tatu, kumpa majina mawili, moja la kila upande, kunasaidia au kunahamisha tu ugomvi?

Fonimu

Nachukua sauti, wengine watachukua maana na karatasi.

Usihangaike na orodha za "majina ya kimataifa". Aliyeziandika alikuwa na lugha zake mbili kichwani, na huenda hata moja si yenu. Chukua lugha zenu nne, uziulize herufi moja moja: hii inasomwaje kwako? Kwa orodha yenu, zinazogombana ni hizi.

J. Mjerumani anaisoma kama y yetu, kwa hiyo Jana kwake ni "Yana". Kwa Kiarabu Jana lipo kama jina kamili, lenye maana ya mavuno, matunda yaliyochumwa, na linatamkwa kama letu. Matokeo yake mtoto ana majina mawili ndani ya nyumba moja. Siku mkihamia kwenye Kihispania, j hiyohiyo inakuwa kh ya kooni.

Z. Kijerumani wanasema "ts". Zuri anakuwa "Tsuri".

S mbele ya irabu. Sehemu kubwa ya Ujerumani s ya mwanzo inatamkwa z, kwa hiyo Samia atasikika "Zamia". Kusini na Austria watasema s kama sisi. Hii ni kasoro ndogo kwa sababu hakuna atakayekosea kuliandika.

W na V hazimo kwenye orodha, lakini kabla hamjaongeza Wema, jueni kwamba Mjerumani anaisoma w kama v. Atamwita "Vema", na ninyi mtadhani anawasifu.

P. Kiarabu sanifu hakina p, wala hakitenganishi e na i, o na u. Pendo kwa babu litatoka "Bendo" au "Bindu". Hapo hakuna cha kufundisha, sauti haimo kwenye lugha. Kwa hesabu yangu Pendo limeshatoka.

Ee. Neema kwa Kijerumani linapona, maana ee kwao ni e ya kuvuta. Kwa Kiingereza ee ni i ndefu, kwa hiyo "Nima". Mwarabu atalitambua mara moja kama ni'ma, ila atalirudisha kwenye ayn yake ya katikati, ile sauti ya kooni ya Kiarabu. Ukijaribu kuliokoa kwa kuandika Nema, kwa Kiingereza hujapona na kwa Kiswahili umelipoteza.

Ai. Malaika kwetu lina silabi nne, ma-la-i-ka, na mkazo uko kwenye i. Mjerumani anaziunganisha a na i kuwa sauti moja, kwa hiyo anapata silabi tatu, "ma-lai-ka". Linatambulika, lakini halilingani.

Leo ni safi kwa Kijerumani na Kiswahili. Kwa Kiingereza ni "Lio".

Sasa mkazo, ambao watu huusahau kabisa. Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila ubishi. Kiarabu kinafuata urefu wa silabi, kwa hiyo Samia kwetu ni sa-MI-a, kwao ni SA-mia. Amani kwa bahati nzuri linaangukia pamoja, a-MA-ni kote. Majina ya silabi mbili yenye irabu mwishoni, LI-na, NU-ru, hayana pa kuteleza: silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo pia ya kwanza, hivyo hata lugha zinazokandamiza mwanzo wa neno, kama Kifini, Kicheki na Kihangari, zinakubaliana na yetu. Lugha kama Kifaransa ndizo zitasukuma mkazo mwishoni.

Kwa hiyo kwa sauti peke yake, mpangilio wangu ni Nuru, Lina, Amani, halafu Samia kwa umbali kidogo.

NusuShilingi

Mwiteni Adamu au Hawa mmalize, jina la kwanza kabisa, halina upande.

Fonimu

@NusuShilingi unatania lakini umegusa pazuri. Adam lipo katika lugha zote nne. Tatizo ni irabu ya mwisho: Adam au Adamu? Yusuf au Yusufu? Kanuni yangu: karatasi iandikwe bila irabu ya nyongeza, mdomo wa Mswahili utaiongeza wenyewe. Kinyume chake hakifanyi kazi. Ukiandika Adamu, Mjerumani ataitamka hiyo u hadi mwisho, na kila fomu itakuwa na swali.

Hawa nalo lina mtego wa w niliousema, kwa Kijerumani ni "Hava". Ajabu ni kwamba "Hava" iko karibu na Eva, ambalo ndilo jina hilohilo lililopita njia nyingine.

Kamusi_Hai

Namshukuru Fonimu, lakini napinga pale aliposema silabi mbili ni salama. Kwa sauti, sawa. Kwa maana ni kinyume: jina likizidi kuwa fupi, uwezekano wa kugongana na neno la mtu unaongezeka. Kiswahili kimejaa maneno ya konsonanti-irabu-konsonanti-irabu, na majina mafupi yanayopendwa Ulaya yanaangukia humo humo. Mia ni idadi. Lia ni kutoa machozi. Noa ni kazi ya kisu. Ada unalipa. Siri unatunza. Mara, Pia, Ana, Sina, yote yana kazi nyingine kwetu. Na kuna Mavi, neno la Kituruki la rangi ya buluu, ambalo sihitaji kueleza kwa nini halitavuka.

Ila kugongana kwenyewe si kosa. Angalia limegongana na neno la aina gani. Hapa Kiswahili kina kipimo kizuri ambacho wengi hawakitumii: ngeli.

Jina likitokana na nomino, kiambishi cha kitenzi kinakuokoa. "Nuru imefifia" ni mwanga. "Nuru amefifia" ni mtoto ana homa. "Amani imerudi" ni vita vimekwisha, "Amani amerudi" ni mtu yuko mlangoni. Hakuna Mswahili atakayechanganya, ndiyo maana Neema, Baraka, Amani na Nuru yanaishi vizuri kama majina.

Jina likigongana na kielezi au kitenzi, hakuna kiambishi cha kukusaidia. Jaribuni:

"Leo hajala."
"Jana aliumwa."
"Ana ana njaa."

Sentensi ya kwanza inasema mtoto hajala leo, au Leo hajala? Na kwa kuwa neno liko mwanzoni mwa sentensi, hata herufi kubwa haisaidii kwenye ujumbe wa simu. Jana na Leo kwa pamoja wakiwa ndugu, mwalimu ataacha kazi. Kwangu mimi haya mawili yametoka, bila kujali yanavyosikika.

Lina liko katikati. Ni kitenzi ("jina lina maana") na pia ni kulina asali. "Jina Lina lina shida gani?" inachekesha kidogo ikiandikwa, lakini mwanzoni mwa sentensi kitenzi "lina" hukaa mara chache, hivyo utata halisi ni mdogo. Kwa Kiarabu lina heshima: neno lina, la aina ya mtende, limo kwenye Kurani, sura ya 59, aya ya 5. Kijerumani wamelizoea. Lipite.

Zuri. Hili naliona linapendwa sana na wasiozungumza Kiswahili, na hilo lenyewe ni dalili. Ni mzizi wa kivumishi. Kwa mtu tunasema mzuri. "Zuri" peke yake ni la jambo, jina, gari. Kwa Kiarabu neno zur ni uongo, hasa ule wa ushahidi wa uongo mahakamani, na "zuri" ni amri ya kumwambia mwanamke atembelee. Kwa Kijerumani cha Uswisi, Züri ndilo jina la mji wa Zürich. Lugha tatu, makosa matatu tofauti.

Malaika kwa Kiarabu ni wingi. Mmoja ni malak, na Malak ndilo linalotumika kama jina la mtu. Bibi atamwita mjukuu mmoja "malaika wengi". Hatachukia, ila atauliza.

Jinsia. Kwa kuwa hamjui bado, tazameni hili: Amani kwa Kiarabu ni jina la kike, na ni neno lingine kabisa, wingi wa tamanio. Amani yetu imetoka kwenye aman, usalama. Kwa hiyo mvulana Amani atakuwa sawa kwa Kiswahili, sawa kwa Kijerumani, na kwa Kiarabu atadhaniwa msichana kwenye kila karatasi ambayo hakuna picha. Nur kwa Kiarabu linakwenda kwa jinsia zote mbili. Samia na Lina ni ya kike pande zote.

Kwa wasomaji wengine wenye lugha tofauti na hizi: irabu ya mwisho ndiyo inayoamua. Kihispania, Kiitaliano na lugha za Kislavoni zinasikia -a kama mwanamke na -o kama mwanamume. Baraka, Juma na Musa watapata "Bi" kwenye barua. Pendo na Upendo watapata "Bwana". Na msidhani majina ya Kizungu yenyewe yanakubaliana: Andrea na Simone ni wanaume Italia, Andrea ni mwanamke Ujerumani, Simone ni mwanamke Ufaransa. Yohana wetu ni mwanamume, Johanna wa Kijerumani ni mwanamke, na kwa sikio tofauti yao haizidi urefu wa a ya katikati.

Mlezi_Mtarajiwa

Nimefuta Jana, Leo, Zuri, Pendo na Malaika. Neema linauma kulitoa, lakini "Nima" ya kila siku shuleni sioni dawa yake.

Swali la tahajia na la majina mawili bado linaning'inia. Na je, hizi familia za majina, kama Yusuf na Josef, Mariamu na Maria, si ndiyo njia ya mkato?

Kamusi_Hai

Ni njia nzuri, na kwa lugha zenu ndiyo yenye majina mengi zaidi: Mariamu, Maria, Maryam. Yusufu, Josef, Yusuf. Ibrahimu na Abraham. Suleimani na Salomo. Elia na Ilyas. Musa na Mose. Kila upande unasikia jina lake.

Mitego ni miwili. Wa kwanza: cheti kinakubali umbo moja tu, kwa hiyo bado mtachagua, na upande usiochaguliwa utalihesabu. Wa pili ni dini. Waarabu Waislamu humwita Yohana Yahya, Waarabu Wakristo humwita Yuhanna. Yesu ni Isa kwa hao, Yasu kwa hawa. Ukichagua umbo, umechagua na safu ya msikiti au ya kanisa, hata kama hukukusudia. Maria na Maryam, Adam, Sara, Elia hayana mvutano huo, au unao kidogo sana.

Karani_wa_Vyeti

Naingia kwenye karatasi, maana hapo ndipo jina zuri hufia.

Tahajia: moja, kwa herufi za Kilatini, kila mahali, tangu fomu ya kwanza. Matamshi yaacheni yatofautiane, hayana mhuri. Tahajia zikiwa mbili, mtoto anabeba hati ya kiapo maisha yake yote kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Tazameni pasipoti yoyote, ukurasa wa picha, chini. Kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Mstari wa kwanza una nafasi 39 za jina zima. Humo zinaruhusiwa herufi A hadi Z tu na alama < ya kujazia. Maana yake:

Ritifaa inafutwa. Ng'- inakuwa NG-, na anayesoma hapo hatajua sauti ilikuwa ipi.

Kistari kinageuka <, sawasawa na nafasi ya kawaida. Anna-Lina na Anna Lina kwa mashine ni kitu kimoja, kwa ofisa wa dirishani ni vitu viwili. Mzozo huanzia hapo. Kama mnaweza kuepuka kistari, epukeni.

Herufi zenye alama zinabadilishwa. Katika pasipoti za Ujerumani ä ni AE, ö ni OE, ü ni UE, ß ni SS. Mtoto anaandikwa kwa namna moja juu ya ukurasa na kwa namna nyingine chini yake, na tiketi ya ndege hufuata ya chini.

Urefu. Jina la ukoo lenye herufi 14, pamoja na alama 2 za kulitenga, linawaachia nafasi 23. Majina mawili ya herufi 11 na 12 na alama moja katikati yanafika 24. Tayari limezidi kwa herufi moja na litakatwa. Hesabuni kwa kalamu kabla ya kujaza fomu, kazi ya dakika moja.

Kuhusu majina mawili: yanasaidia kwa masharti. La kuitia liwe la kwanza, siku zote. Mkimwita kwa la pili, benki, shule na hospitali zitamwita kwa la kwanza na yeye hataitika. Mifumo mingi ya tiketi huunganisha majina ya mwanzo bila nafasi, hivyo Lina Samia atatokea LINASAMIA. Halikatazwi, lakini msishtuke. Na msiweke la pili ambalo peke yake lina kasoro mliyoikimbia kwenye la kwanza. Neema kama jina la pili, kwa mfano, ni mahali pake pazuri: linaonekana kwenye cheti, halitamkwi shuleni.

Kiarabu kina shida yake. Irabu fupi haziandikwi, na jina likitoka Kilatini kwenda Kiarabu kisha likarudi, karani wa mwisho analitunga upya kwa sikio lake. Layla anarudi Leila, Laila, Leyla. Palipo na mazoea ya Kifaransa u inakuwa ou na sh inakuwa ch. Dawa ni kuwahi: kwenye ombi lolote la hati ya Kiarabu ambatanisha cheti cha kwanza au pasipoti, uombe herufi za Kilatini zinakiliwe kutoka humo, zisitafsiriwe.

Sheria. Ujerumani haina orodha ya majina yanayoruhusiwa; ofisa anaangalia kama jina litamdhuru mtoto. Zamani walidai pia jina lionyeshe jinsia, au liongezwe la pili linaloionyesha, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua kesi ya jina Kiran mwaka 2008. Kwa hiyo Nuru au Amani halina haja ya msindikizaji. Kwa mnaosoma mkiwa na nchi nyingine: Iceland ina kamati inayoamua majina mapya, na tangu 2019 sheria yake haifungi tena jina kwenye jinsia. Denmark na Ureno zina orodha. Hispania inaruhusu majina yasiyozidi mawili ya kawaida. Japani, ukitaka kuandika kwa kanji (herufi zenye asili ya Kichina), una kanji 2,136 za matumizi ya kawaida na 863 za nyongeza kwa majina, nje ya hapo utumie herufi za sauti. Sheria ipi inamhusu mtoto inaweza kutegemea uraia au makazi, kwa hiyo ulizeni ofisi zote mbili kabla hajazaliwa. Baada ya cheti kutoka, kubadilisha ni safari nyingine kabisa.

Fundi_Majaribio

Mmeeleza yote isipokuwa jinsi ya kujaribu, na wengi wanajaribu vibaya. Kosa la kwanza ni kuuliza "unalionaje hili jina?" Utapewa adabu, hutapewa taarifa. La pili ni kuwajaribu watu wa nyumbani ambao wameshalisikia kwenye mazungumzo.

Tafuteni watu 3 kwa kila lugha, ambao hawajasikia chochote. Kwenu ni watu 12. Fanyeni hivi.

1. Kusoma bila maelezo. Msimpe jina peke yake. Mjerumani akiona "Zuri" tupu kwenye karatasi anajua ni la kigeni, anahamia kwenye Kiingereza chake, na anasoma z vizuri tu. Umedanganyika. Liweke la tano kwenye orodha ya majina 10 ya kawaida ya lugha yake, asome yote kwa sauti, wewe urekodi. Hapo ndipo "Tsuri" inatoka. Kisha mpe orodha ya pili yenye majina ya kigeni matupu, jina lenu likiwa ndani. Akilisoma namna mbili tofauti, jina hilo litatamkwa namna mbili maisha yake yote.

2. Kusikia na kuandika. Mtumie sauti ya jina mara moja, aandike. Kati ya watu 12, tahajia tofauti zikizidi mbili, mtoto ataishi akitaja herufi moja moja. Msirudie sauti, hakuna anayerudia kwenye dirisha la hospitali.

3. Simu mbovu. Piga simu ukiwa kwenye kelele, taja jina, aliyepokea aliseme. L, n, d na m zinachanganyika hapa vibaya. Lina hurudi Nina, Dina, Mina. Hii ndiyo kasoro halisi ya Lina, na haionekani kwenye karatasi. Nuru na Samia hustahimili zaidi.

4. Sentensi. Za Kamusi_Hai zinatosha. Ziandikwe mwanzo wa sentensi, kwa kila lugha, si kwa Kiswahili tu.

5. Jina na ukoo kwa pamoja, haraka, bila kituo. Silabi ya mwisho ya jina ikifanana na ya kwanza ya ukoo, moja inamezwa. Jina linaloishia -na mbele ya ukoo unaoanza na Na- litaandikwa pungufu siku nyingi.

6. Kifupisho. Watu watalikata mtake msitake. Samia litakuwa Sami, ambalo kwa Kiarabu ni la kiume. Amina litakuwa Ami. Ikiwa kifupisho hamkiwezi, jina pia hamliwezi.

7. Tafuteni jina na ukoo mtandaoni, kwa Kilatini na kwa herufi za Kiarabu, kwenye picha pia. Mkikuta bidhaa au mtu mwenye sifa mbaya kwenye ukurasa wa kwanza, mnajua mapema.

Fanyeni la 1 na la 2 kwanza. Ni rahisi na yanaondoa majina mengi. Hayo mengine yanakula muda.

Mlezi_Mtarajiwa

Tumefanya la kwanza na la pili kwa watu tisa, Waarabu tutawamalizia. Lina limesomwa sawa na wote, lakini wawili waliandika Leena. Samia limesomwa "Zamia" na Wajerumani wawili kati ya watatu, kila mtu kaliandika sawa. Nuru halijakosewa na msomaji hata mmoja, ila kwenye kuandika mmoja kaweka Nooru.

Tunaelekea Nuru. Ubishi uliobaki ni umbo: Nuru, Nur au Noor? Upande wa Kiarabu unataka Nur, kwamba u ya mwisho ni ya Waswahili.

Kamusi_Hai

Nur kwa Kijerumani ni neno, na ni la kila dakika: maana yake "tu", "peke yake". "Nur hat gegessen" ("Nur amekula") itamfanya msomaji asite kwanza, akidhani ni "tu", na shuleni watoto watalifanyia mzaha. Noor ni mbaya zaidi kwao, maana oo ni o ndefu, watasema "Noor" kwa o kama yetu iliyovutwa. Nuru halina maana yoyote kwa Kijerumani na linasomwa kama lilivyo.

Kwa upande wa Kiarabu, waambieni kwamba hata Kiarabu sanifu, neno likiwa kiima, linaishia na u. Hawatasikia kitu kigeni, watasikia mtu anayesoma kwa irabu zote.

Karani_wa_Vyeti

Na babu akitaka kuliandika kwa Kiarabu nyumbani, aandike نور kama apendavyo. Kwenye hati rasmi ya Kiarabu, kama itahitajika, lipeni waw (herufi ya Kiarabu ya w na u ndefu) mwishoni, نورو. Bila hiyo waw, karani ataligeuza Nour siku ya kulirudisha kwenye Kilatini, na hapo mtakuwa na watoto wawili kwenye faili moja.